Kuzamia na papa kisiwani Saba: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Papa wa Saba wanauma? Kutakuwa na kizimba? Kadi ya uzamiaji niliyoipatia Nungwi au Diani itanitosha? Majibu ni mafupi: hawana haja na wewe, kizimba hakuna, na kadi yako ya kwanza inatosha kwa sehemu ya kisiwa tu. Swali lenye uzito ndilo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: nikiwa mita 30 chini, geji ya mtungi wangu wa hewa ikisoma ngapi nigeuze, ili hewa iliyobaki initoshe mimi na mwenzangu hadi juu? Papa wanaosifika wa Saba hupita kwenye kina kirefu, na kina ndicho kinachoumiza watu pale. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hesabu ya hewa, na papa watakuja kwenye hatua ya nane.

Mahali penyewe

Saba ni kisiwa cha volkano cha kilomita za mraba 13 katika Bahari ya Karibea, jirani na kisiwa cha Sint Maarten, na kiko chini ya utawala wa Uholanzi. Mlima wake, Mount Scenery, una urefu wa takriban mita 870, na hakuna sehemu iliyo juu zaidi katika Ufalme wote wa Uholanzi. Mteremko wake hauishii kwenye maji. Unaendelea kushuka vile vile chini ya bahari, na upande wa magharibi kuna minara ya mwamba iliyosimama peke yake kutoka kilindini, vichwa vyake vikiwa mita 27 hadi 30 chini ya uso wa maji. Wazamiaji huiita Third Encounter, Twilight Zone, Outer Limits na Shark Shoal. Pembeni ya Third Encounter kuna nguzo nyembamba ya mwamba iliyovaa matumbawe na sifongo, nayo inaitwa Eye of the Needle.

Bahari inayozunguka kisiwa chote, kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1987. Tarehe 2 Septemba 2015 maji ya Saba na Bonaire yaliwekwa ndani ya Yarari, eneo kubwa la kuwalinda papa na mamalia wa baharini. Papa hawavutwi kwa chambo, tofauti na mbizi za Bahamas ambako mtu huvaa suti ya vyuma na kugawa vipande vya samaki. Mnyama utakayemwona Saba yuko kwenye mizunguko yake ya kawaida. Faida ni kwamba ametulia. Hasara ni kwamba hana miadi na wewe.

Utakaowaona zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni papa wa miamba wa Karibea, Carcharhinus perezi, mwenye rangi ya kijivu, mwili mnene na urefu wa mita moja na nusu hadi mbili mara nyingi, ingawa anaweza kufika tatu. Huyu ndiye wa minara. Wa pili ni Ginglymostoma cirratum, papa mlalaji, rangi ya udongo, mwenye vijindevu viwili puani. Mchana hulala chini ya mabapa ya mwamba kwa sababu anaweza kusukuma maji kwenye mashavu yake bila kuogelea. Papa wa milia na pingusi huonekana kwa nadra. Usipange safari juu yao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kadi. Open Water, kadi ya kwanza, inakupa mita 18. Advanced, inayofuata, mita 30. Minara inaanzia mita 27, kwa hiyo bila Advanced hutapelekwa, na ukipelekwa, hicho kituo cha uzamiaji kikimbie. Mwenye Open Water asikate tamaa: Tent Reef na maeneo ya Ladder Bay yana papa pia.
- Mbizi zisizopungua 20, na angalau moja ndani ya miezi sita iliyopita. Namba hii si sheria. Ni kipimo chetu cha mtu ambaye mikono yake inajua vitufe vilipo bila kutazama.
- Kadi ya naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni na kupunguzwa naitrojeni), ikiwezekana. Mafunzo yake ni ya siku moja.
- Bima ya wazamiaji inayolipia chumba cha mgandamizo (kinachotibu wazamiaji waliopanda vibaya) na ndege ya dharura. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huitoa mbizi ya kina pembeni. Soma maandishi madogo.
- Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Karibea ya Uholanzi, ambayo ni kitu tofauti na viza ya Schengen. Viza hiyo inahusu Sint Maarten na Saba zote. Anza kwenye ubalozi miezi kadhaa mapema, na uulize pia kama viza nyingine uliyo nayo inakupa msamaha.
- Dola za Marekani, sarafu ya kisiwa tangu 2011. Umeme ni wa volti 110 na plagi za Kimarekani, kwa hiyo angalia chaja ya tochi yako kabla hujalaumu betri.
- Vifaa vyako mwenyewe: miwani ya kuzamia inayokukaa, kompyuta ya kuzamia unayoijua (ya kuvaa kama saa, inayoonyesha kina na muda), boya la ishara la mita moja na nusu au zaidi pamoja na kigurudumu chenye kamba ya mita 30, na filimbi. Regulita (kifaa cha kupumulia), jaketi la kuelea, mapezi na risasi (vipande vya uzito vya kukuzamisha) unaweza kukodi. Kompyuta usikodi kama unaweza kuikwepa. Mita 30 chini si mahali pa kujifunzia menyu.
- Suti ya mpira ya milimita 3. Maji huwa nyuzi 25 au 26 mwezi Februari na hufika 28 au 29 Septemba. Anayesikia baridi haraka aongeze kofia ya mpira.

Ndege kutoka Sint Maarten ni Twin Otter ndogo inayotua kwenye njia ya mita 400 iliyowekwa juu ya jabali. Uzito wa mizigo unahesabiwa kweli. Mwenye kamera na taa kubwa apande feri, safari ya saa moja na nusu hivi, au awe tayari begi kufika kesho yake.

Hatua

1. Chagua siku. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Desemba hadi Machi upepo huwa mkali na mawimbi ya kaskazini huzuia baadhi ya maeneo. Aprili hadi mapema Juni ni wakati mzuri. Kaa angalau usiku tano, maana minara haina kinga yoyote, na siku mbili zikiharibika kati ya tatu umerudi nyumbani na picha za kasa.

2. Uliza kituo maswali manne kabla ya kulipa. Mbizi ni za boti na huenda kupitia kituo cha kisiwani, kwa sababu pwani ni majabali matupu na hakuna pa kuingilia. (Ufukwe pekee wa mchanga wa kueleweka, Well's Bay, huja na kuondoka na misimu.) Uliza: kiongozi mmoja hushuka na watu wangapi kwenye minara? Oksijeni ya dharura iko botini, na ni ya dakika ngapi? Chumba cha mgandamizo kinachotumika sasa kiko kisiwa gani? Naitroksi ipo? Anayejibu swali la pili kwa kusema "usijali" hajajibu.

3. Siku ya kwanza, zamia maji mafupi. Usikubali mnara uwe mbizi yako ya kwanza hata kama una kadi zote. Tent Reef, karibu na bandari ya Fort Bay, inatosha: bapa refu la mwamba lenye nyufa, kuanzia mita chache tu. Hapo fanya mambo mawili.

Kwanza, pima risasi. Mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bari 50 (bari ni kipimo cha mgandamizo kwenye geji; mtungi uliojaa una 200), toa hewa yote kwenye jaketi ukiwa mita 5. Unatakiwa ubaki pale pale, ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukitoa unashuka kidogo. Ukizama, punguza kilo moja. Ukipanda, ongeza. Kosa la kawaida ni kupima mwanzoni mtungi ukiwa umejaa na kuridhika: mtungi wa alumini wa lita 11.1 hupoteza takriban kilo 2 za hewa kutoka bari 200 hadi 50, na hizo kilo mbili ndizo zitakazokupeperusha juu kwenye kituo cha mwisho, yaani unaposimama mita 5 kabla ya kutoka majini.

Pili, pima unavyopumua. Kaa mita 10 kwa dakika 10 ukiogelea taratibu, uandike bari zilizotumika. Tuseme ni 36. Zidisha kwa ujazo wa mtungi: 36 × 11.1 ni lita 400. Gawa kwa dakika 10: lita 40. Gawa kwa 2, kwa sababu mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya juu: lita 20 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike kwenye kitabu cha mbizi.

4. Tafuta bari yako ya kugeuzia. Hapa usiruke mstari. Chukulia baya zaidi limetokea mita 30: mwenzako hana hewa, mnapumua kutoka mtungi mmoja, na kwa hofu kila mmoja anatumia lita 30 kwa dakika, jumla 60.

- Dakika moja ya kutulia na kushikana chini, mgandamizo mara 4: lita 240.
- Kupanda hadi mita 5 kwa kasi ya mita 9 kwa dakika, karibu dakika 3, wastani mara 2.75: lita 495.
- Dakika 3 mita 5, mgandamizo mara 1.5: lita 270.
- Dakika ya mwisho hadi juu: lita 75.

Jumla ni lita 1,080. Kwenye mtungi wa lita 11.1 hiyo ni bari 97. Kwa hiyo geji ikisoma 100 mnara umekwisha kwako, hata kama papa watano ndiyo kwanza wanakuja. Wengi waliofundishwa "rudi juu na 50" hudhani 50 ni namba ya kuanza kupanda. Ni namba ya kufika botini.

5. Sasa jua dakika zako. Kutoka bari 200 hadi 100 una lita 1,110. Toa 110 za kushukia: zimebaki 1,000. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu, mita 30 anatumia 80, kwa hiyo ana dakika 12. Anayetumia lita 14 ana dakika 18 hivi. Majedwali ya mafunzo huruhusu dakika 20 za hewa ya kawaida mita 30, na 30 kwa naitroksi ya asilimia 32. Unaona kwamba kwa mpumuaji mzito hewa huisha kabla ya muda salama wa majedwali hayo kuisha, hivyo naitroksi haitamwongezea dakika. Itampunguzia naitrojeni mwilini, nayo ni sababu tosha ya kuilipia unapozamia mara mbili au tatu kwa siku.

Onyo la naitroksi: ya asilimia 32 ina mwisho wa mita 33, ya 28 inafika mita 40; chini ya hapo oksijeni yake inaweza kuwa sumu. Kuta za minara zinaendelea kushuka mbali kupita hapo, maji ni maangavu, na jicho haliwezi kukuambia kwamba umepitiliza. Pima mtungi wako mwenyewe kwa kipimo cha oksijeni, andika namba kwenye utepe, iweke kwenye kompyuta. Usikubali kupimiwa na mtu mwingine.

6. Asubuhi botini. Mnara huwa mbizi ya kwanza ya siku, saa 3 au saa 4. Kunywa maji, kula kitu chepesi, vua vidani na saa zinazong'aa kwa sababu mng'aro wake hufanana na magamba. Fungua vali ya mtungi hadi mwisho, kisha vuta pumzi nne kwenye regulita ukitazama sindano ya geji: ikicheza, vali haijafunguka sawasawa. Jaribu regulita ya akiba ya mwenzako, siyo yako tu. Kubalianeni ishara tatu: papa ni kiganja kilichosimama wima juu ya kichwa, bari 100 ni ishara ya kituo chenu, ulizeni, "napanda" ni dole gumba juu, na dole gumba halijadiliwi.

7. Kushuka. Boti hufungwa kwenye boya la kudumu. Nanga haitupwi juu ya matumbawe. Shika kamba inayotoka nyuma ya boti kwenda kwenye boya, usiogelee huru juu, kwani mkondo wa Saba huwa mkali zaidi kwenye mita kumi za mwanzo. Shuka ukiifuata kamba ya boya, miguu chini kichwa juu, ukisawazisha masikio kila nusu mita kabla hayajauma. Usizidi mita 18 kwa dakika. Kadiri unavyoshuka suti inabanwa na unakuwa mzito, kwa hiyo ongeza hewa kidogo kidogo kwenye jaketi. Anayesahau hufika kichwa cha mnara kama nanga na kuvunja sifongo la miaka mingi, au anakipita kabisa.

Ukifika, simama mita moja au mbili juu ya mwamba. Tazama geji, kompyuta, mwenzako. Halafu ndipo tazama bahari.

8. Papa. Mara nyingi huja mwanzoni. Wamesikia boti na mapovu, wanakuja kukagua, wanaondoka. Wanaokosa kuwaona ni wale walioinama kurekebisha kamera dakika hizo tano.

- Kaa upande wa mwamba, kundi likiwa pamoja, ukitazama nje kwenye bluu. Papa hujitokeza kwanza kama kivuli chini yako au sawa na macho yako.
- Pumua polepole. Mapovu mengi ya ghafla humfukuza.
- Mikono ikunjwe kifuani. Mikono inayopunga hupoteza hewa na kuchora umbo la samaki anayetapatapa.
- Usimfuate. Papa wa miamba ana kasi usiyoiweza, na kila hatua ya kumfuata inakupeleka nje ya mwamba na chini zaidi. Ukitulia, huzunguka na kurudi karibu kuliko alivyokuwa.
- Usimzibie njia. Mwachie upande ulio wazi wa bahari.
- Msome mwili. Mapezi ya pembeni yakiwa yamenyooka na mwendo laini, ametulia. Mapezi yakielekea chini, mgongo ukipinda, akigeuka kwa vishindo, anakwambia uondoke. Rudi nyuma pole pole ukimtazama, pandeni pamoja kando ya mwamba, maliza mbizi.

Kama kiongozi amebeba mkuki kwa ajili ya samaki-simba, samaki mgeni anayewindwa kote Karibea, kaa mbali na mkuki na mfuko wake. Papa hujifunza haraka kwamba mlio wa mkuki ni chakula. Na usimpe papa samaki huyo, hata kiongozi akikwambia ni salama.

Papa mlalaji ana hatari yake, nayo ni upole wake. Watu humshika mkia ili wapate picha nzuri. Mdomo wake ni mdogo lakini hufyonza na kung'ang'ania, hauachii, na karibu wote walioumwa naye walimgusa kwanza. Mita mbili zinatosha. Usiingie kwenye ufa alimolala, maana mlango wa kutokea ni huo huo uliouziba.

9. Kamera, kama lazima. Isiwe mbizi yako ya kwanza ya mnara. Mita 30 chini rangi nyekundu imekwisha na kila kitu ni bluu, kwa hiyo picha bila taa irekebishwe baadaye. Taa zitandaze pembeni, usimulike macho ya papa. Kamera ifungwe kwenye jaketi kwa kamba; ikidondoka kwenye ukuta wa mnara, iage. Utawaona watu wakishuka kuifuata huku kompyuta ikipiga kelele mita 40.

10. Kupanda. Bari 100, au dakika 5 zimebaki kwenye muda salama, lipi likitangulia. Rudi kwenye kamba ya boya. Mita 9 kwa dakika, polepole kuliko povu dogo kabisa unaloliona. Toa hewa ya jaketi unavyopanda. Kaa dakika 3 hadi 5 kwenye mita 5, na usiikumbatie kamba kama bendera: mawimbi yakiinua boya utapandishwa na kushushwa nalo. Iache iteleze mkononi.

11. Mbizi ya pili. Pumzika juu saa moja au zaidi, kisha mita 18 hadi 20. Ladder Bay ni chaguo zuri: ndimi za lava zilizoganda na mchanga mweusi katikati yake. Chomeka kidole mchangani mahali penye rangi ya njano na utasikia joto, volkano bado ina moto wake. Kagua chini ya mabapa, taratibu, kwa tochi ndogo: papa mlalaji hulala kichwa ndani, mkia nje. Diamond Rock, mwamba unaochomoza juu ya maji, na Man O' War Shoals, minara inayofika karibu na uso wa maji, inafaa pia siku mkondo ukiwa mdogo.

12. Baada ya maji. Hapa Saba ina mtego ambao visiwa tambarare havina. Kijiji cha Windwardside, wanakolala wageni wengi, kiko karibu mita 400 juu ya bahari, na gari kutoka Fort Bay hukupandisha huko kwa dakika chache. Majedwali ya mbizi huhesabu mwinuko kuanzia mita 300, kwa sababu kupanda mlima baada ya mbizi, kama kupanda ndege, hupunguza mgandamizo mwilini. Wazamiaji hupanda huko kila siku na kulala salama, lakini ongeza dakika mbili kwenye kituo cha mita 5, kula chakula cha mchana bandarini, ndipo upande. Ngazi 1,064 za kwenda kilele cha Mount Scenery ziwe za siku isiyo na mbizi. Ndege: saa 18 tangu mbizi ya mwisho. Ile ya kwenda Sint Maarten huruka chini kwa robo saa, ndiyo, ila inayofuata haitaruka chini.

Mambo yakienda kombo

Sikio moja halifunguki. Panda mita moja, meza mate, jaribu tena. Mara tatu ikishindikana, mbizi imekwisha. Ukilazimisha unapasua ngoma ya sikio, na wiki nzima imekwenda. Dawa za mafua nazo zinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, sikio likakwama wakati wa kupanda.

Kichwa chepesi, unacheka bila sababu, au unasoma geji mara tatu bila kuelewa. Ni ulevi wa naitrojeni, wa kawaida kuanzia mita 30. Panda mita 5 au zaidi na mwenzako; hupotea ndani ya dakika moja. Kama haujapotea, panda juu kabisa.

Hewa inaisha haraka kuliko hesabu. Mara nyingi ni risasi nyingi au kupambana na mkondo. Jifiche nyuma ya mwamba, shika jiwe tupu kwa vidole viwili, pumua nje kwa muda mrefu. Hesabu mpya, bari mpya.

Kompyuta inadai kituo cha lazima, yaani usimame njiani kabla ya kutoka kwa sababu umepita muda salama. Fuata inavyosema, kina na dakika, usiongeze kina hata kidogo. Siku hiyo huzamii tena.

Mmepotezana. Zunguka ukitafuta mapovu kwa dakika moja, isizidi, kisha panda, ukifanya kituo chako cha mita 5. Usishuke kumtafuta.

Kamba ya boya haionekani. Hii hutokea kwenye minara, maana mkondo ukikuondoa mwambani kuna bluu tu kila upande. Usiogelee kuutafuta mnara. Tuma boya la ishara ukiwa mita 10 hadi 15: kigurudumu kikiwa mbali na mwili, kamba haijagusa jaketi, jaza hewa kidogo na achia. Panda ukilifuata, fanya kituo, juu piga filimbi. Nahodha anajua mkondo unaelekea wapi. Boya linampa kitu cha kuona.

Papa anakaribia mno. Mgeukie, simama wima uwe mkubwa, usiogelee kwa kumpa mgongo. Akifika pa kuguswa, weka kamera au pezi kati yako na yeye. Kisha pandeni kwa mwendo wa kawaida.

Maumivu ya kiungo, ganzi, vipele, au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24. Chukulia ni ugonjwa wa mgandamizo hadi daktari akanushe. Oksijeni safi, lala chali, maji ya kunywa kama una fahamu na hutapiki, piga simu ya dharura ya bima. Dawa za maumivu zinaficha dalili tu, na pombe inakukausha. Usingoje asubuhi uone kama itapungua.

Siku tatu, hakuna papa hata mmoja. Hutokea. Mwombe kiongozi akupeleke mnara ule ule kwa saa ile ile badala ya kuhama kila siku, mwende kikundi kidogo, na mkae mkitazama upande mkondo unakotoka, maana papa hupenda kusimama hapo wakiukabili. Mchana tazama chini ya mabapa ya Tent Reef, na usiku, kama kituo kinatoa mbizi ya usiku, rudi hapo hapo, saa ambayo walalaji wameamka kuwinda.